Sahihi Niliyotia Isebania

Isebania,
14 Januari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Nakuamkia. Sisi huku hatujambo. Werema ananituma nikupe salamu za mkwe, na watoto walirudi shule juma lililopita.

Najua ulinitazamia Krismasi. Nilikuwa nimeshafunga begi, Baba. Kisha malori yakakwama mpakani siku tano, madereva wote wakawa wanakula kwangu asubuhi na jioni, na mpishi wangu Mellen alikuwa kwao kwa matanga. Hoteli ndogo kama yangu ukiifunga wakati kama huo, wateja wanahamia kwa jirani na hawarudi. Nikasema nitakuja mwaka mpya. Mwaka mpya nao umepita.

Lakini moyo wangu umetulia kwa sababu ya Clifford. Tangu mtoto wa jicho akuzibe macho nilikuwa nikiwaza utajikwaa jikoni, au utakunywa dawa ya ng'ombe ukidhani ni ya kifua. Sasa kuna mtu ndani ya nyumba, na ni mtoto wa marehemu ndugu yako, si mtu wa kuokotwa. Nimemwachia kadi ya benki na namba ya siri ili usihangaike kwenda Homa Bay kufuata pensheni. Pesa za upasuaji wa macho nitamtumia yeye kwa simu.

Mwezi wa kumi uliniuliza kama unaweza kuja kukaa kwangu kidogo, nikakujibu habari za mila, kwamba mzee wa Kijaluo hakai kwa mkwe wake. Sikutaka kukuumiza. Nadhani ulielewa.

Ile kawaida yetu ya kuandikiana kila mwezi, tangu nikiwa kidato cha kwanza, tusiiache. Simu yako imekufa spika, na Clifford anasema yake haishiki mtandao hapo nyumbani. Basi wewe tamka, yeye aandike. Na umwonye kwamba barua ya mtu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne haina ruhusa ya kuwa na makosa.

Bintiyo,
Zilpah


Ndhiwa,
6 Februari 2024

Kwa Zilpah,

Barua yako nilipata na nilifurahi sana. Mimi niko sawa. Macho zangu haina shida mingi siku hizi. Clifford ananiangalia vizuri sana, ananipikia, ananioshea nguo, hata kanisani ananipeleka. Wewe usiwe na wasiwasi.

Hiyo operesheni daktari amesema ingoje mpaka mwezi wa nne kwa sababu presha yangu iko juu. Kwa hivyo ile pesa ulituma iliingia kwa dawa zingine na chakula. Ukipata ingine tuma kwa namba ya Clifford.

Usisumbuke kukuja. Barabara ni mbaya na mimi nalala sana mchana.

Ni mimi baba yako,
Elijah Ogweno


Isebania,
19 Februari 2024

Kwa Baba mpendwa,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili. Lugha imekuwa tofauti kidogo, lakini nadhani Clifford aliandika akiwa na haraka, au ni ile presha inakuchosha.

Nimetuma pesa za dawa leo asubuhi. Kama unaona nisije, basi nitangoja Pasaka.

Bintiyo,
Zilpah


Ndhiwa,
3 Mei 2024

Kwa dada Zilpah,

Nisamehe kwa kukuandikia na hatujuani vizuri. Mimi ni Bitutu, mama Nyamusi, niliyeolewa boma la pili kutoka kwenu. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, nazunguka nyumba kwa nyumba kupima watu presha na kuandikisha wajawazito. Namba yako nilimwomba Clifford, akaniambia umebadilisha laini. Ndiyo maana nampa dereva wa Isebania barua hii. Anasema hoteli yako anaijua.

Dada, Mwalimu hayuko sawa. Mara tatu nimefika hapo na Clifford ananijibu mlangoni, "Mzee amelala." Mara ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi, ya pili saa nane, ya tatu saa kumi na moja jioni. Juzi Clifford alikuwa ameenda Homa Bay, nikaingia. Nilimkuta baba yako ameketi juu ya mbao za kitanda, godoro hakuna, amekunja blanketi moja akalikalia. Suruali ameifunga kiunoni kwa kamba ya katani.

Nikamuuliza, "Mwalimu, umekula?"

Akasema, "Nimekula."

"Umekula saa ngapi?"

Akaniuliza leo ni siku gani.

Presha yake nimeipima, haina shida yoyote. Nikamuuliza kuhusu macho. Anasema hajapelekwa kwa daktari hata siku moja tangu Clifford aje. Ng'ombe watatu walioachwa na mama yako hawapo. Lile shamba la nyuma kuna trekta inalima, na Mwalimu anadhani ni shamba la jirani.

Sisemi Clifford ni mwizi. Nasema nilichokiona. Kama ni makosa kuingilia mambo ya boma la watu, unisamehe. Lakini njoo.

Mimi,
Bitutu


Isebania,
9 Mei 2024

Kwa Bitutu,

Asante kwa barua yako. Nimezungumza na Clifford kwa simu alipofika mjini, na ameeleza kila kitu. Ng'ombe walishikwa na ugonjwa ikabidi wauzwe kabla hawajafa. Godoro lilikuwa nje juani. Presha hupanda na kushuka, wewe mwenyewe unajua kwa kazi yako.

Amenikumbusha pia kwamba boma lenu na letu lilikuwa na kesi ya mpaka mwaka ule mama alipofariki. Sitaki kukudhania vibaya. Ila nakuomba mambo ya baba yangu uwaachie watu wa nyumbani kwake. Ukipita kwa kazi yako, mpime, kisha uende.

Zilpah


Ndhiwa,
20 Mei 2024

Dada Zilpah,

Nashukuru kwa vile uliniamini. Watu wa hapa wako na mdomo. Wanaona boma halina kijana wa kiume, kila mtu anataka kukata kipande yake.

Kuna jambo nataka tumalize. Mfanyabiashara mmoja wa miwa, Bwana Onsongo, anataka kukodi hilo shamba la nyuma kwa misimu miwili. Hiyo ndiyo italipa operesheni ya mzee bila wewe kusumbuka tena. Mzee ameshaweka kidole. Imebaki sahihi yako kwa sababu wewe ndiye mtoto wa pekee. Karatasi ni mbili. Weka kwa hiyo ya pili, pale nimechora kwa kalamu nyekundu, halafu upatie huyu dereva arudi nayo.

Na dada, wacha niseme ukweli. Mimi nilitoka Nairobi nikakuja kukaa na mzee ambaye hajanizaa. Mimi ndiye namwosha. Mimi ndiye namsindikiza choo. Kama maneno ya jirani ndiyo unaona ni kweli, niambie, nifunge virago kesho. Wewe utakuja kukaa naye? Hoteli utaachia nani?

Ndugu yako,
Clifford


Isebania,
21 Mei 2024

Clifford,

Karatasi hizi hapa, nimetia sahihi. Usiondoke.

Zilpah


Ndhiwa,
8 Julai 2024

Kwa Zilpah, nyara, yaani binti yangu wa pekee,

Mkono unaoandika ni wa Bitutu. Maneno ni yangu, na kila sentensi ananisomea tena kabla hatujaendelea. Clifford yuko Homa Bay tangu jana, ndiyo sababu tumepata nafasi.

Kwanza nikwambie kwamba tangu Krismasi sijatamka barua hata moja kwako. Bitutu anasema ulimwambia dereva wa gari kuwa tunaandikiana kila mwezi. Sijui umekuwa ukiandikiana na nani. Zako nilisomewa mbili tu, na katika zote mbili ulikuwa ukieleza kwa nini huwezi kuja.

Jumanne ya juma lililopita nilisikia watu wakipiga nyundo nyuma ya nyumba. Nikatoka nikipapasa ukuta, nikauliza, "Ni kazi gani hiyo?"

Mmoja akajibu kwa adabu, "Tunapima, mzee. Tunaweka mawe ya mpaka."

"Mpaka wa nani?"

"Si uliuza?"

Nikamwambia sijauza kitu. Akanisomea karatasi aliyokuwa nayo. Inasema shamba lote la nyuma limeuzwa kwa Onsongo. Akasoma jina langu, akaniambia kuna alama ya kidole changu. Kisha akasoma ya chini: Zilpah Ogweno, binti, anakubali. Nikamwomba asome tena. Akasoma tena.

Akaniambia jiwe la kona limesimama hatua sita upande huu wa kaburi la mama yako. Kaburi limebaki kwa Onsongo.

Kidole nilikiweka mimi. Clifford aliniambia ni fomu ya hospitali ya macho, nami nikaamini kwa kuwa nilitaka sana kuona. Hilo ni kosa langu na nitalijibu mimi. Sahihi yako sijui niiweke wapi. Nimeifikiria siku sita. Nakuuliza wewe mwenyewe, na unijibu kwa mkono wako: ni wewe uliyetia?

Bodi ya ardhi inakaa hapa Ndhiwa tarehe 25 mwezi huu. Bitutu ameuliza kwa chifu, akaambiwa kwamba bila kibali cha bodi shamba la kilimo haliwezi kupita mkononi mwa mtu mwingine. Nitakwenda, hata kama ni kwa kushikwa mkono.

Baba yako,
Elijah Ogweno


Isebania,
11 Julai 2024

Baba,

Ni mimi.

Bitutu, najua wewe ndiye unayemsomea. Msomee yote, na usilainishe neno.

Baba, niliambiwa ni kukodisha kwa misimu miwili. Karatasi zilikuwa mbili. Ya kwanza niliipitisha macho. Ya pili sikuisoma. Nilitia sahihi juu ya meza ya kukandia unga wa chapati huku dereva akinihimiza, nikampa. Ningeweza kusema ni wateja walikuwa wengi. Walikuwa wanne. Sikuisoma kwa sababu nilijua nikikuta kitu kibaya ndani yake itanibidi nifunge hoteli nije.

Kuna jingine zaidi ya hilo. Ile barua ya mwezi wa pili iliandikwa "macho zangu haina shida mingi". Baba, mimi ni mtoto uliyemfukuza mezani kwa kusema "kitabu yangu". Nilikuwa na miaka saba, nikala ugali uliopoa. Mtu hawezi kuniambia kwamba wewe ulitamka "macho zangu". Hata ungekuwa mahututi usingetamka. Nilijua siku ile ile, nikiwa nimesimama na barua mkononi, kwamba hukuwepo ndani yake. Kisha nikaikunja, nikaiweka kwenye droo ya pesa, nikajiambia ni uzee.

Nilijua na nikatuma pesa, na Pasaka nikaiacha ipite. Bitutu aliponiandikia, nilimtukana kwa lugha nzuri. Bitutu, nisamehe kwa hilo.

Na ile habari ya mila. Werema alikuwa amekubali uje. Alisema angekujengea chumba chako nje ya ua ili kusiwe na neno. Ni mimi niliyesema mila hairuhusu.

Nafunga hoteli Jumamosi. Nakuja.

Zilpah


Ndhiwa,
27 Julai 2024

Kwa Werema, baba watoto,

Kwenye simu nimekwambia Baba yuko salama na shamba limebaki. Mengine siwezi kuyasema huku Mellen na madereva wanasikiliza pembeni yako. Kwa hivyo naandika.

Nilipofika, Clifford ndiye aliyenipokea getini, akataka kunibebea begi. Akaniambia mzee amelala. Nikampita. Baba alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake, uso ameuelekeza kwenye jua. Niliposema "Baba", aliinua mkono akaupeleka usoni mwangu, akanipapasa paji, pua, mashavu. Kisha akasema, "Umenenepa." Mikono yake, Werema, imekuwa mifupa tu. Shati nililomnunulia mwaka juzi lilimwangukia kama limetundikwa kwenye msumari.

Kwa siku kumi na mbili kabla ya bodi tulikaa nyumba moja sote watatu. Clifford alipika chai kila asubuhi kama kawaida, akaniita dada. Sikumkemea. Ningeanzia wapi, na sahihi yangu iko mfukoni mwake?

Alhamisi tukaenda bodi. Bitutu alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Ukumbi ulijaa watu wa mashamba mengine. Jina letu lilipoitwa, Onsongo akasimama na karatasi zake. Si mtu mbaya, Werema. Alikuwa na wasiwasi usoni, anatazama macho ya Baba, kama mtu aliyeanza kuelewa amenunua nini.

Clifford akasema kwa heshima, "Mzee wetu amezeeka, anasahau. Mimi ndiye nakaa naye. Mimi ni damu yake."

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani, akamgeukia Baba. "Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ni Elijah Ogweno. Nilifundisha hapa miaka thelathini na minne. Kwa sauti zinazokohoa humu ndani, watatu nimewafundisha."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akauliza, "Umeuza shamba?"

"Sijauza. Sijapokea. Niliweka kidole kwenye kitu nilichoambiwa ni fomu ya hospitali. Naomba bodi isikubali."

Nikadhani imekwisha. Mwenyekiti akageuza karatasi ya pili. "Na huyu Zilpah Ogweno aliyekubali, yuko hapa?"

Nikasimama. "Ni mimi."

"Hii sahihi ni yako au imeghushiwa?"

Werema, alinipa mlango. Ningesema imeghushiwa, nani angenikatalia? Hata Clifford alinitazama kama anangoja niseme hivyo, kwa sababu hapo tungekuwa waongo wawili. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, amegeuzia sikio upande wangu.

Nikasema, "Ni yangu. Niliitia bila kusoma."

"Wewe ni mtu mzima, umesoma?"

"Nimesoma, mama."

"Na baba yako haoni."

"Ndiyo."

Aliandika, akaandika. Kisha akasoma uamuzi kwamba kibali kimekataliwa, mawe ya mpaka yang'olewe, na faili ipelekwe polisi. Nilipokaa chini, mwanamke mmoja aliyekuwa karibu yangu alisogeza mkoba wake upande wa pili.

Tulipotoka, Clifford hakuwepo. Nyumbani tulikuta ameondoa nguo zake na redio ya Baba.

Jana tulikwenda Homa Bay. Benki wamefuta ile kadi. Ofisi ya ardhi wameweka zuio ili mtu asiguse hati. Kuhusu kilichochukuliwa, yule dada wa benki alitoa orodha, nikamwomba aikunje bila kunisomea mbele ya Baba. Baba akasema, "Isome." Ikasomwa. Ilichukua muda mrefu.

Daktari wa macho anasema jicho la kulia litafanyiwa mwezi wa tisa. Nitakaa hadi mwisho wa juma lijalo. Usiniambie pole ukinipigia. Sitaki pole.

Mkeo,
Zilpah


Oyugis,
2 Septemba 2024

Kwa dada Zilpah,

Usitafute ni nyumba gani niko, nitakuwa nimehama. Nimesikia polisi wanauliza.

Nilikosa. Hiyo naikubali. Nilianza kidogo, nilikuwa nimekopa nikasema nitarudisha. Halafu nikaona hakuna mtu anauliza. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hakuna mtu anauliza. Hata wewe. Unajua ile barua ya kwanza niliandika nikiogopa? Nilijua utashika. Mwalimu aliwahi kunitwanga kwa hiyo ngeli yenu darasa la nne. Nikangoja upige simu uniulize. Badala yake ukatuma pesa.

Sisemi hivi kukupa makosa yangu. Yangu ni yangu. Lakini usikae huko Isebania ukijiambia kuna mtu mmoja mbaya na alikuwa Clifford.

Redio nimemtumia kwa Bitutu. Mwambie mzee sikuwahi kumpiga.

Clifford


Ndhiwa,
17 Novemba 2024

Kwa Zilpah, nyara,

Usishangae mwandiko. Ni wangu. Mistari inapanda kilima kwa sababu jicho la kushoto bado, lakini la kulia linafanya kazi ya yote mawili. Jambo la kwanza nililoliona walipofungua bandeji ni ndevu za daktari, hakuzichana. La pili ni Bitutu. Nilidhani ni mwanamke mrefu, kwa jinsi anavyozungumza.

Nimekwenda kaburini kwa mama yako bila kushikwa. Mawe ya Onsongo yameng'olewa. Yeye mwenyewe alikuja na vijana wake wakafukia mashimo, akakataa hata chai. Anamdai Clifford, na hilo ni lao na mahakama. Nimeandikisha maelezo yangu polisi. Wazee wawili wa ukoo walikuja kuniomba niache kwa kuwa ni damu yetu. Niliwaambia damu ndiyo iliyomfungulia mlango, isije ikamfungulia na wa kutokea.

Sasa nikwambie langu, maana wewe ulinieleza lako na mimi sikukujibu.

Nilijua. Si habari za shamba, lakini pensheni nilijua tangu mwezi wa tatu. Uji ulipokosa sukari nilijua. Ng'ombe walipoondoka niliwasikia wakisukumwa nje ya zizi, na hakuna hata mmoja wao aliyekohoa kama mgonjwa. Godoro lilipotoka nililala juu ya mbao nikisikiliza upande wa pili wa ukuta, Clifford akikoroma. Nikasema moyoni, akiondoka huyu nitamsikiliza nani? Nilikuwa nimekuuliza nije kwako, ukasema hapana. Mtu akishaambiwa hapana na mtoto wake hupunguza bei, Zilpah. Nilinyamaza nikamlipa Clifford kukaa.

Bitutu alipoingia siku ile nilimdanganya kwamba nimekula. Nilikuwa nikimfichia Clifford siri. Nilimfichia mpaka nyundo zilipolia nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo usibebe peke yako.

Lakini kuna jambo nimeamua na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Benki wameniambia naweza kuweka mtu wa pili, ili pesa zisitoke mpaka sisi wawili tuwe tumesimama pale na tumetia sahihi wote. Walinidokezea kwamba kawaida huwa ni mtoto. Nimemweka Bitutu. Naye hana ruhusa ya kutoa chochote bila mimi, wala mimi bila yeye. Hati ya shamba iko benki. Chifu ana nakala ya barua inayosema karatasi yoyote yenye kidole changu ni batili, kwa sababu sasa naweza kuandika jina langu.

Sikufanya hivi kukuadhibu. Nilikaa nayo juma zima nikitafuta njia ya kukuweka wewe, sikuipata. Nakupenda kama siku ile nilipokubeba kwenda kukuandikisha shule. Bado sijakuamini.

Ukitaka kuja, njoo. Usije kwa sababu unajisikia vibaya, maana hiyo hali nimeiona kwa watu wengi na haidumu zaidi ya miezi mitatu. Njoo kwa sababu kuna mahindi ya kupukuchua na Bitutu hajui kubishana.

Baba yako,
Elijah Ogweno


Isebania,
20 Novemba 2024

Baba,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, sufuria ya maharagwe ikichemka. Niliposoma "Usishangae mwandiko. Ni wangu" nililia, wateja wakadhani ni kitunguu. Nilipofika kwenye jina la Bitutu nikakasirika. Nilimwambia Mellen ashike mwiko, nikatoka nyuma ya hoteli, nikaanza kujitetea kwa sauti mbele ya magunia ya makaa: mimi ndiye mtoto wake, mimi ndiye niliyesimama mbele ya bodi, mimi ndiye niliyelipia jicho. Niliendelea hivyo mpaka nikaisikia sauti yangu.

Nikarudi ndani, nikaisoma tena nimeketi.

Umefanya vizuri. Usiniweke. Hata nikikuomba mwakani, hata Werema akikuombea, hata nikija na machozi na wajukuu, usiniweke. Hati ikae benki.

Ulichoniambia kuhusu kupunguza bei sijui nitakijibu lini. Sitatunga jibu.

Mellen atakuwa akishika hoteli juma moja katika kila mawili. Wateja wengine watahama. Wahame. Werema anasema atanisindikiza mara ya kwanza, akusalimie kama mkwe anavyopaswa, arudi siku hiyo hiyo. Mimi nitabaki.

Nitafika Ijumaa kabla ya saa sita. Nikichelewa, usiamini sababu nitakayokupa.

Zilpah